Rudi Nyuma, Madeje

Tumemzika Yohana Madeje Jumamosi iliyopita hapa hapa Karatu, na hata kabla jeneza halijatolewa ndani nilikuwa nimekwisha kugombana na watu. Kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alisimama chini ya turubai, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akatutangazia kwamba mzee wetu enzi za ujana wake alikuwa beki hodari wa timu ya Ukungu, "ukuta usiopitika." Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu, tena kikubwa, na akina mama niliokaa nao mkekani wakanigeukia kwa macho ya kunionya. Sikujali. Nina miaka themanini sasa, na mtu aliyeiona ile safu ya ulinzi ya Ukungu kwa macho yake hawezi kukaa kimya akiambiwa ilikuwa ukuta. Ilikuwa pazia, na pazia lenyewe bovu.

Kicheko kiliniishia muda si mrefu. Nyuma yangu, kwenye viti vya plastiki, walikaa vijana wawili, mmoja wao mjukuu wa shabiki mwenzetu wa zamani, wakawa wananong'ona jinsi vijana wanavyonong'ona, yaani kila mtu anasikia. "Si ndiye yule aliyeuza mechi ya Mbulu?" mmoja akauliza. "Ndiye," akajibu mwenzake. "Babu alikuwa anasimulia kila siku. Alipewa mzigo kwenye kitambaa chekundu, wakapigwa tatu." Kitambaa chekundu! Miaka sitini imepita, watoto wa siku zile wamekuwa mababu, barabara ya vumbi imekuwa lami na magari ya watalii yanapita mbio kwenda Ngorongoro, lakini kitambaa kile hakijapauka hata kidogo. Nikageuka nikawauliza nani kawaambia. Wakanijibu kwa adabu, "Ah, bibi, mbona mji mzima unajua." Nilitaka kuwachapa na fimbo yangu. Kisha nikakumbuka kwamba wa kuchapwa ni mimi, kwa sababu neno hilo halikuanzishwa na babu yao wala na mji mzima. Nililianzisha mimi, Rukia, kwa kinywa changu mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya lori la shamba la kahawa, mwaka ule wa tatu wa Uhuru.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikotoka na kilichonileta Karatu havimhusu mtu. Inatosha kusema kwamba nilifika, na kwamba nilikuwa mpishi katika hoteli ya Mzee Salum, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu wa Kishihiri na mama yake Mnyaturu, na ambaye aliipenda Ukungu kuliko alivyoipenda hoteli. Chumba cha mbele kilikuwa na meza tatu ndefu na mabenchi, kuta zake zimepakwa rangi ya buluu hadi usawa wa bega na chokaa toka hapo kwenda juu. Jiko langu lilikuwa nyuma, na ukuta uliotutenganisha haukufika darini. Moshi ulikwenda kwao, maneno yakaja kwangu. Kwa njia hiyo, nikikanda unga wa chapati na kugeuza maharage, niliwasikia wote: madereva wa malori, makarani, vibarua wa mashamba kutoka Singida na Dodoma, wakulima wa Kiiraqw waliokuja sokoni, hata Wamasai waliopandisha na ngozi zao kutoka bonde la Olbalbal na kukaa kimya na vikombe vyao wakishangaa watu wazima wanavyoweza kutukanana kwa ajili ya mpira.

Maana Ukungu haikuwa timu ya mchezo mchezo. Shamba moja kubwa la kahawa upande wa mlimani lilikuwa limewaajiri wachezaji kwa sababu ya miguu yao: asubuhi walipalilia kidogo kwa kujionyesha, mchana walicheza mpira, na mwisho wa mwezi wakapokea mshahara kama watu wengine. Upande wetu hakuna timu nyingine iliyolipa wachezaji. Tulitegemea basi kuwaona wanaume wanaokula kwa mpira wakicheza mpira. Washambuliaji walicheza, sikatai. Golikipa naye alijitahidi, ingawa siku ukungu uliposhuka alikuwa haonekani na tulijua amefungwa kwa kusikia kelele za upande wa pili. Tatizo lilikuwa mabeki. Mzee Salum alikuwa na desturi ya kuipanga timu mezani kwa vikombe, kopo la sukari likiwa golikipa, na vikombe viwili vya mabeki alivichagua makusudi vyenye ufa. "Huyu Bura," alikuwa akisema akigonga kikombe cha kushoto, "na huyu Madeje. Mungu ametujaribu."

Bura alikuwa Mwiraqw, kijana mrefu mwenye mapafu ya farasi, na alicheza mpira namna alivyochunga ng'ombe tangu utoto. Mchungaji hasimami mbele ya fahali anayekimbia. Anamwacha apite, kisha anakimbia naye ubavuni, akimwelekeza polepole. Ndivyo Bura alivyomfanyia kila mshambuliaji. Alikimbia naye bega kwa bega, hamgusi, hamzuii, mpaka golini. "Bura, unamsindikiza mgeni!" nilikuwa nikimpigia kelele. "Mbebee na mzigo basi!" Madeje yeye alikuwa Mgogo kutoka Kongwa, mfupi, mpana, mpole wa kuudhi, na ugonjwa wake ulikuwa mwingine: alipenda kupanda mbele kutazama mpira kwa karibu kama shabiki, akasahau kwamba nyuma yake kuna goli. Kwake nilikuwa na wimbo mmoja tu. "Rudi nyuma, Madeje! Rudi nyuma!" Naye alikuwa akigeuka, akiinua mkono kuniitikia, halafu ndipo anarudi, amechelewa tayari.

Ndiyo, nilikwenda uwanjani. Siku zile hilo lilikuwa jambo la kusemwa. Mzee Salum alinizuia mara ya kwanza, akasema mwanamke akasimame na wanaume kando ya kiwanja afanye nini, nikamwambia nitafanya wanachofanya wao, na kama hataki, Jumapili ajipikie. Nikaenda na mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko, nikavipiga mpaka mfuniko ukabonyea katikati. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimelala upande, goli moja chini na jingine juu, milingoti ya mkaratusi, na mpira ukitoka upande wa chini ulikwenda moja kwa moja korongoni, mechi ikasimama mpaka uletwe. Nilikuwa na furaha pale kuliko mahali pengine popote. Nasema hivyo bila haya.

Mechi ya kwanza na Mbulu tulikwenda kuicheza kwao, baada ya mvua za masika kukatika. Tulipakiwa kwenye lori la shamba, wachezaji na washabiki pamoja, na mimi mwanamke peke yangu. Tulipofika nilishuka kutafuta mahali pa kujisitiri, na niliporudi nikamwona Madeje nyuma ya lori, mahali ambapo alidhani hakuna mtu. Alikuwa amechuchumaa. Mbele yake alisimama kijana mmoja aliyekwisha kuvaa jezi ya Mbulu, naye Madeje ameinamisha kichwa, hamtazami, amenyoosha mikono miwili. Yule kijana akamwekea mikononi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa chekundu, akasema maneno machache, akaondoka. Madeje akabaki amechuchumaa, na nilipoona uso wake alikuwa anatabasamu peke yake. Nikapita kimya. Yule kijana aliitwa Chilongani, kibarua wa barabara, na mchana ule alicheza winga wa kushoto, yaani uso kwa uso na Madeje.

Sijapata kuona jambo kama lile. Mara ya kwanza Chilongani alipomjia na mpira, Madeje alitazama chini na kusogea pembeni. Alisogea, nakwambia, kama mtu anayempisha mzee kwenye njia nyembamba! Bao. Mara ya pili hivyo hivyo, akapisha, akageuza na uso. Bao. Ya tatu Chilongani hakukimbia tena, alitembea. Washabiki wa Mbulu walikuwa wanacheka mpaka wanashika matumbo, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, sauti imenikauka, mwiko umevunjika. Tukapanda lori tukarudi. Madeje na wenzake walikaa mbele, wamejifunika makoti. Huku nyuma Mzee Salum akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mtu anafungwaje vile?" Nikajibu, "Kanunuliwa. Nimemwona kwa macho yangu akipokea mzigo kwenye kitambaa chekundu." Nilichokiona ni kitambaa. Neno la kununuliwa niliongeza mimi, na mpishi anajua kutia chumvi.

Mdomo wangu ulitangulia na akili ikafuata kesho yake, ikakuta mambo yamekwisha. Kabla ya Jumatano kila meza katika hoteli yetu ilikuwa inakizungumzia kile kitambaa. Mmoja alisema zilikuwa noti, mwingine akasema noti na saa ya mkononi. Nilisikia yote kutoka jikoni, na nikaona ajabu kwamba hakuna aliyekumbuka tena kwamba maneno yametoka kwangu. "Lisemwalo lipo," walisema, "kama halipo laja." Madeje alipoingia kunywa chai benchi lilijaa ghafla, watu wakapanua magoti hadi akakosa pa kukaa. Mara ya pili alikuta hivyo hivyo. Mara ya tatu alikuja kwenye dirisha la jiko akaniomba kikombe, nami nikamwambia chai imekwisha. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke kati yetu. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Haya, dada, asante," akaenda zake. Nilijiona nimeitetea timu.

Tuliendelea kufungwa, na sasa hata kufungwa hakukuwa na heshima, maana kila bao watu walimtazama Madeje. Ikafika mwezi wa saba, ukungu ukashuka kutoka mlimani ukakaa, na Ukungu ikawa inashika mkia. Meneja wa shamba akatoa tamko: aliyebaki mkiani mwisho wa ligi anatolewa, na timu ikitolewa yeye halipi tena mchezaji hata mmoja. Ilibaki mechi moja, nyumbani, na Mbulu. Sare ilitutosha. Kamati ya washabiki, ambayo ilikuwa Mzee Salum na wanaume saba wenye sauti kubwa, ikaamua kwamba Ijumaa baada ya sala watakwenda kwa meneja kumtaka amfukuze Madeje kazini na katika chumba chake cha kambini kabla ya mechi hiyo. Niliwasikia wakikubaliana. Nilikuwa nachambua mchele, na sikusema kitu.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo ilikuwa mnada. Hoteli ilijaa. Mchana, mlango wa jiko wa nyuma ukagongwa, nikafungua, nikamkuta Madeje ameshika kifurushi chenye kitambaa chekundu. Ni kile kile, hata fundo lilikuwa lile lile la pembe mbili. Nilidhani amekuja kunihonga na mimi. "Dada Rukia," akasema, "kule kambini kuni zimelowa, moto hauwaki. Nipikie hii, hata kidogo." Akafungua. Ndani mlikuwa na unga wa majani makavu, wa kijani kibichi, unaonukia jua. Ulikuwa mlenda, mboga ya kwao Wagogo. Nikatumbukiza kidole, nikaonja, nikauliza kwa sauti isiyo yangu, "Hiki ndicho ulichopewa Mbulu?" Akatabasamu vile vile alivyotabasamu nyuma ya lori. "Ametuma mke wangu kutoka kwao Kongwa. Alikwenda kujifungua. Nilipewa na habari siku hiyo hiyo kwamba ni mtoto wa kike. Anaitwa Lea."

Sikupata nafasi ya kujibu. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi, na Madeje alipochungulia aliona aliyekaa meza ya kwanza akila nyama: Chilongani, aliyekuja mnadani na lori la barabara. Pale pale akashuka akachuchumaa nyuma ya gunia la mkaa, uso ukutani.

"Unamkimbia aliyekununua?" nikamuuliza, kwa sababu ulimi ukishazoea hauachi.

"Kuninunua? Mimi mbuzi?" Alishangaa kweli. "Nani anasema hivyo?"

"Watu," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana benchi linajaa," akasema taratibu. Kisha akanieleza, huku bado amegeukia ukuta. "Yule ni mdogo wake baba mkwe. Kijana, lakini ni baba wa mke wangu, basi ni mkwe. Mkwe kwetu humgusi, humtazami usoni, huli mbele yake. Mkikutana njiani unapisha."

"Hata uwanjani?"

"Uwanja si njia?"

Nilisimama na mlenda wangu mkononi nikashindwa nicheke au nilie. Miezi miwili tulikuwa tumemtafuna mtu kwa sababu ana adabu. Nikamwambia kwa ukali, maana nikiona aibu nakuwa mkali, "Sawa. Chilongani ni mkwe. Na mpira je? Nao ni mkwe? Nao umekuzalia mke?" Nilipika mlenda ukachemka, nikasonga na ugali, nikamwekea pale pale chini nyuma ya gunia, akala akiwa amejificha. Alipomaliza akanawa, akasema kama mtu aliyekuwa anapiga hesabu ngumu, "Hapana. Mpira si mkwe."

Ijumaa walirudi kutoka msikitini, wanane, wakaketi wapate chai kwanza ndipo wapande shambani. Nilikuwa nimewasubiri. Nikachukua ndoo ya maji nikaimwaga jikoni juu ya moto wote, meko matatu kwa mpigo, majivu yakaruka hadi chumba cha mbele. Mzee Salum akaja mbio akidhani nyumba inaungua. "Nimezima jiko," nikamwambia, nikatoka nikasimama mbele ya meza zao na aproni yangu. "Hakuna chai, hakuna chapati, hakuna chochote, leo wala kesho, mpaka mniambie Madeje anacheza." Walicheka. Nikawaambia habari ya mkwe na ya mlenda, nikawawekea mezani kitambaa chenyewe, alichoniachia Madeje, wakinuse. Mmoja akasema ni hadithi. Lakini Mnyaturu mmoja wa mashambani, aliyekuwa ameketi pembeni na hakuwa wa kamati, akasema, "Si hadithi. Hata mimi mkwe wangu nikimwona naacha njia." Mzee Salum akakinusa kitambaa tena. "Sasa haya maneno ya kununuliwa yalianzia wapi?" akauliza. "Mimi niliyasikia kwenye lori, lakini kwa nani sikumbuki." Wanaume wakatazamana. Mlango wa kusema ulikuwa wazi mbele yangu, na mimi niliyewazimia moto watu wanane, niliyekwenda uwanjani bila kuomba ruhusa, nikatazama majivu kwenye viatu vyangu nikanyamaza. Walikubali Madeje acheze. Nikawasha moto, nikawapikia. Huo ndio uoga wangu, na sikuwa na mwingine mkubwa kuliko huo maishani.

Mechi ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na siku zilizobaki nilizilipa kwa kazi. Kila alasiri Madeje na Bura walikuja nyuma ya hoteli, nami nikampaka Bura unga wa ngano toka kiunoni mpaka kwenye vidole vya miguu. Kazi ya Madeje ilikuwa kumnyang'anya mpira. Akitoka na doa la unga mwilini, amemgusa mkwe, anaanza upya. Siku ya kwanza Madeje alikuwa mweupe kama andazi bichi. Mzee Salum alilalamikia unga wake, kisha akaleta benchi akakaa kutazama. Siku ya mwisho Madeje alimnyang'anya Bura mpira mara nyingi mfululizo, akaja akanionyesha miguu yake, mikavu, myeusi, bila hata chembe.

Jumapili ya mechi ukungu ulipanda na kushuka kama unaotaka kuona na wenyewe. Sijui niseme nini juu ya Madeje siku ile ila kwamba nilimwona. Chilongani alimjia, Madeje akatazama chini kama kawaida, na kwa kuwa alikuwa anatazama chini, alikuwa anautazama mpira. Akautoa mguuni mwa yule kijana kwa ncha ya kidole cha mguu, akapisha, na mpira ukapishana na mkwe ukiwa wa kwetu. Watu walinyamaza kwanza. Mara ya pili wakaanza kuguna. Mara ya tatu uwanja mzima ukaruka. Kipindi cha pili Chilongani alichoka na adabu hiyo, akaja mbio akapiga kelele, "Mkwe!" ili amsimamishe. Madeje akasimama kweli. Akaukanyaga mpira, akapiga goti, akaunganisha viganja, akamwamkia kwa Kigogo, salamu ndefu ya kuuliza na watoto na mifugo. Chilongani, kwa kuwa alilelewa, ilimbidi asimame aitikie. Salamu ilipokwisha Madeje akainuka akampasia kapteni. Nilipiga mfuniko mpaka ukatoboka.

Tulifungwa. Bao moja, dakika za mwisho, upande wa kushoto. Senta wao alitoka na mpira katikati ya kiwanja na Bura akakimbia naye bega kwa bega, vizuri kabisa, mpaka golini. Bura nimemsamehe mengi lakini hilo sijamsamehe, na yeye amekwisha kufa. Meneja akatimiza neno lake. Mishahara ya mpira ikakoma mwezi ule ule. Kulikuwa na waliotarajia tutalia tukae majumbani. Jumapili iliyofuata tulikuwa uwanjani wote, Mzee Salum na benchi lake, mimi na mfuniko mpya, na Ukungu ikacheza bila mshahara, na ikafungwa bila mshahara, miaka mingi baada ya hapo. Madeje alibaki shambani kama kibarua wa kawaida, mkewe akarudi na Lea, baadaye wakapata kiwanja hapa mjini. Hakuacha kupanda mbele, na mimi sikuacha kumrudisha. Lakini kushindwa hakukosi maneno yake. Wapo waliosema hata ile ya pili aliiuza, eti salamu ilikuwa ishara. Niliwasikia. Kila mwaka nilijiambia nitasema ukweli, neno lile lilikoanzia, na kila mwaka nikaona limezeeka, litakufa lenyewe.

Halikufa. Jumamosi, walipoita watu wa kutoa salamu za rambirambi, niliinuka na fimbo yangu bila kuitwa nikamnyang'anya kijana kipaza sauti. Nikasema mimi ni Rukia, mpishi wa Mzee Salum. Nikasema marehemu hakuwa ukuta, msidanganywe, lakini hakupata kuuza mechi hata siku moja. Kitambaa chekundu kilikuwa na mlenda, niliupika mimi, na uongo wa kununuliwa niliuanzisha mimi, kwa hasira, ndani ya lori, na nikaogopa kuufuta kwa miaka sitini. "Mwenye kunitukana anitukane leo," nikasema, "na kuanzia kesho atakayerudia neno lile nitakwenda kumzomea mlangoni kwake." Vijana wale wawili walikuwa wanatazama chini. Mchungaji aliyeongoza ibada akakohoa. Nikarudi mkekani.

Mjane, Mama Lea, akanishika mkono. "Alijua," akaniambia.

"Alijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Ulipomuuliza kama mlenda ndio aliopewa Mbulu alijua ulikuwa nyuma ya lori, na siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kukiona kitambaa. Aliniambia niliporudi tu kutoka Kongwa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunisema, kwa nini aliniacha nimtazame usoni miaka yote hiyo. Mama Lea akacheka kidogo, katikati ya machozi yake. "Alisema ukijua kwamba anajua utaona haya, na ukiona haya utanyamaza uwanjani. Na bila kelele zako alikuwa hakumbuki kurudi."

Tukaenda makaburini. Walipoliteremsha jeneza na kamba, na wanaume wakashika makoleo, nilijipenyeza hadi ukingoni. Kuna mtu alinivuta shali, nikamtoa mkono. Nikavuta pumzi yote niliyobakiwa nayo, nikapiga kelele kama ningali na mfuniko wangu, hadi ng'ombe waliokuwa ng'ambo ya korongo wakainua vichwa: "Rudi nyuma, Madeje! Rudi nyuma!" Kisha nikasimama pale kidogo, kwa mazoea, nikisubiri ainue mkono.